Kunguru Hashuki, Watazamaji Wanazidi

Kwa mliokaa wiki nzima mkibishana kama Revati aliitupa ile simu mtoni: hakuitupa. Na afadhali angeitupa, maana tungeepushwa na uchafu ninaolazimika kuwasimulia leo.

Alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mwisho ya mtoni, mkono juu, simu ya mdogo wake ikining'inia juu ya maji ya Godavari. Nyuma yake ndugu na majirani wa Nimgaon, waliokuja kwa ajili ya siku ya kumi ya msiba wa baba yake, walikuwa wamepigwa na butwaa. Kwenye kioo cha simu yalikuwa bado yale maneno ya Kusum Mane, mama mmoja wa Kolhapur ambaye Revati hakumjua kwa sura wala kwa sauti:

"Binti, mimi nilimwona baba yako akikata roho. Wewe mwanawe ulikuwa wapi?"

"Tai, usitupe!" Mangesh alipiga kelele. "Tuko laivu!"

Tai ndivyo alivyomwita dada yake tangu alipojua kusema.

"Tuko nini?"

"Laivu, Tai. Watu elfu kumi na moja wanatutazama. Shusha mkono polepole, unaitikisa picha."

Mnamsikia? Baba yake keshakuwa majivu, kichwa chake mwenyewe kimenyolewa kipara cha msiba, na kinachomtia hofu ni picha kutikisika.

Revati alishusha mkono. Hakuushusha kwa ajili ya picha. Alitaka kumtazama mdogo wake machoni.

"Mangesh, siku baba alipofariki uliniambia nini?"

"Nilikuambia mengi, Tai. Tulikuwa na msiba."

"Usijitie hamnazo. Nilikupigia simu ya video kutoka Pune. Nikakuomba unionyeshe baba. Ukaniambia nini?"

Mangesh alijikuna kipara. "Nilisema... mtandao unasumbua."

"Mtandao unasumbua."

"Si kuna siku unasumbua?"

Uongo mkavu kama jiwe! Nimgaon ya zamani ndiyo iliyokuwa na mtandao wa kusumbua. Enzi hizo ukimpigia mtu simu ya video unaona nusu ya pua yake, kisha kiduara kinazunguka mpaka chai inapoa. Wanaume wazima walipanda juu ya tangi la maji kutafuta mtandao kama watu wanaotafuta mwezi wa sikukuu.

Lakini tangu waya wa intaneti ya kasi ufukiwe kando ya barabara na mnara mpya usimame nyuma ya kiwanda cha sukari, picha haigandi hata mvua ikimwagika ya mafuriko. Watoto wanafundishwa hesabu na mwalimu aliyeko Nagpur. Daktari anatazama koo la mgonjwa kwa simu. Muuza bilinganya anazigeuza bilinganya zake moja moja mbele ya simu, na mteja anachagua akiwa bado kitandani. Mazuri hayo, wala sibishi.

Kwenye nyumba ya kina Revati, nyumba ya Gholap, ndiko mdudu alikoingilia. Mangesh aliliacha duka la mbolea alilofunguliwa na baba yake, akaanza kujionyesha. Asubuhi anajionyesha akipiga mswaki. Mchana anajionyesha akila mkate wa mtama na pilipili. Jioni anagombana na mama yake juu ya chumvi, na watu wanatazama! Wanatazama kutoka Surat, kutoka Indore, kutoka Muscat, wanamtumia maua ya kuchorwa na mioyo ya kuchorwa, na kila ua lina ujira wake.

"Kwa hiyo watu wa Surat walimwona baba akifa," Revati alisema. "Muscat walimwona. Mimi mwanawe wa kumzaa, nimekaa Pune na begi langu mlangoni, naambiwa mtandao unasumbua."

"Wewe ungelia, Tai."

"Nisilie?"

"Ungelia kwenye simu, sauti ingeingiliana na matangazo. Watu hawapendi kelele."

Kinyaa kilimpanda Revati. Akauinua tena ule mkono, na safari hii alikusudia kweli.

"Revati! Mrudishie mdogo wako simu."

Ilikuwa sauti ya Aai, mama yao, Subhadra-bai. Alikuwa ameketi ngazi ya juu kwenye mkeka, sari nyeupe imemfunika mpaka kwenye paji la uso.

"Aai, umesikia alichokifanya?"

"Nimesikia. Mrudishie. Wageni wanatutazama."

Revati aliwatazama wale majirani waliosimama wamekumbatia mikono yao, akaona aibu. Mama amefiwa, mama amesema, basi. Akamrudishia Mangesh simu. Mangesh aliipokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akaifuta kwa ncha ya nguo yake ya msiba, akaichomeka kwenye stendi yake ikielekea matonge.

"Nyamazeni sasa!" Guruji, kuhani aliyekuwa akiendesha ibada, alipiga makofi kuwashtua. "Jua linapanda, matonge yanakauka, na kunguru hataki kushuka. Mnagombania simu!"

Matonge ya wali yalikuwa juu ya jiwe karibu na maji. Kila mtu amesogea mbali, kama inavyotakiwa. Kunguru akishuka akadonoa, mnajua marehemu ameridhika, anakwenda zake. Asiposhuka, marehemu ameondoka na neno moyoni, na ni kazi ya walio hai kulikisia neno hilo na kumwahidi kwa sauti, mpaka kunguru aje.

Na kunguru walikuwapo! Mkwaju ulio kando ya hekalu ulikuwa mweusi kwa kunguru. Walijichokonoa manyoya, wakapigana, wakaupa msiba mgongo.

Revati alikuwa ameshaahidi kila alichokijua. Baba, nitamtunza Aai. Baba, kisima kitamaliziwa. Baba, yule ng'ombe wako mzee hatauzwa. Kunguru hawakugeuza hata shingo. Sasa alitaka jambo moja tu duniani: alijue neno ambalo baba aliondoka nalo, amwahidi, baba apumzike. Na aliyekuwa na baba saa ile ya mwisho ni Mangesh.

"Alitaka nini, Mangesh?" alimnong'oneza. "Lazima alisema kitu."

"Hakusema kitu."

"Nionyeshe hiyo video."

"Imefutwa. Wenye mtandao wameifuta, wanasema inatisha." Kisha akaigeukia simu, na sura yake ikabadilika hapo hapo, meno yote nje. "Haya ndugu zangu, familia yangu, mnaona wenyewe! Kunguru amegoma! Baba ana neno! Sasa mimi peke yangu siwezi, nawaachia nyinyi. Tunapiga kura! Ya kwanza, nimwahidi baba kwamba nitaacha kutafuna tumbaku. Ya pili, nitatembea kwa miguu kwenda kuhiji Pandharpur. Ya tatu, nitamwoza Tai wangu kabla ya sikukuu ya Diwali. Bonyezeni!"

"Mangesh!" Guruji alifoka. "Ahadi ya marehemu haipigiwi kura!"

"Guruji, sogea kidogo kushoto, unawaziba kunguru."

Na kura zikihesabiwa, yeye akatoa chupa ndani ya mfuko wa kitambaa, akaiinua karibu na shavu. Yalikuwa mafuta ya nywele. Kijana mwenye kipara kinachong'aa juani, kipara alichonyolewa kwa kufiwa na baba, akaanza kuyasifia mafuta ya nywele: harufu yake, baridi yake kichwani, namna yanavyotuliza mawazo wakati wa huzuni. Mjomba mmoja aliyekuwa nyuma alitema mate chini, na sikumlaumu.

Kura zikaisha. Mnakisia wenyewe ahadi iliyoshinda.

"Tai anaolewa!" Mangesh alitangaza. Akakusanya viganja, akatazama juu, akahakikisha uso wake uko katikati ya picha. "Baba! Mimi mwanao Mangesh naahidi, kabla ya Diwali Tai atakuwa kwa mumewe!"

Maneno ya watazamaji yakaanza kuteremka kwenye kioo kwa kasi ya maharage yanayomwagika.

"Mimi mhandisi, futi sita, sili nyama. Nionyeshe uso wake."

"Mbona ana hasira? Mwanamke wa hasira namrudisha kwao."

"Mwambie ageuke tumwone vizuri."

"Nipo Surat, nasubiri kunguru na chai yangu. Haraka basi, niende kazini."

Revati alihisi kama mikono ya watu asiowajua inampapasa mwili mzima. Alijifunga upindo wa sari kiunoni, akapiga hatua kumwendea mdogo wake, na hapo hapo kitu cheusi kikapiga mabawa kutoka nyuma ya ukuta wa hekalu.

Kunguru!

Alitua karibu na jiwe. Akaruka kidogo, akaruka tena, akalidonoa tonge la kwanza.

"Ameshuka! Ameshuka!" Ngazi zote zilipiga ukelele. Wanawake wakaangua kilio cha kuridhika. Aai alifunika uso kwa mikono miwili.

Revati akaketi palepale kwenye maji. Basi ndilo neno lililokuwa moyoni mwa baba? Baba aliyeuza shamba la chini ili yeye asome, aliyewafukuza washenga wawili kwa maneno makali, kumbe alikufa akisononeka kwamba binti yake hajaolewa? Iliuma. Lakini kunguru ameshuka, na kunguru habishiwi. Alikusanya viganja, machozi yakimdondoka, akatamka kwa sauti ya kukauka:

"Sawa, Baba. Kama ndivyo ulivyotaka, nitaolewa."

Amesema! Mbele ya matonge, mbele ya mto, mbele ya Guruji. Na maneno kama hayo hayarudishwi mdomoni.

Ndipo Guruji, aliyekuwa karibu na simu, akakunja uso akisoma.

"Uzi? Uzi gani?"

Maana kule kwenye kioo palikuwa pamechafuka. "Uzi! Tazameni mguu wa kushoto!" "Jamani kunguru amefungwa!" "Picha safi namna hii, hata kucha zake naziona, mnadhani uzi siuoni?" Mtu mmoja wa Indore alikuwa ameshaikata ile picha, ameikuza, ameirudisha kwa wote ili waone.

Hapo ndipo Mangesh alipojichanganya mwenyewe. Ujanja ule babu zake wangeweza kuufanya mbele ya macho ya watu waliosimama mbali, na nani angejua? Yeye kaufanya mbele ya picha ambayo ungeweza kuhesabu manyoya ya ndege.

Guruji alimrukia kunguru, akaushika uzi, akaufuata. Uzi ulipita kwenye majani, ukapanda ukuta, ukaingia nyuma ya hekalu, na mwisho wake ulikuwa umezungushwa kwenye kidole cha bwana mmoja mnene aliyechuchumaa na tundu la waya.

"Wewe ni nani?" Guruji alimwuliza.

"Mimi ni mtu wa kunguru."

"Mtu wa kunguru ndiyo nini?"

"Ninamkodisha. Miji haina kunguru siku hizi, Guruji, watu wanapata tabu." Alimwonyesha Mangesh kwa kidevu. "Huyu bwana kaniagiza. Nilimwambia tusubiri kwanza wa kwenye mkwaju, yeye akasema watazamaji wanachoka."

 Revati alinyanyuka kutoka majini, sari imemganda miguuni. Alifikiri sasa mdogo wake atakufa kwa aibu. Alifikiri atapiga magoti, atalia, ataizima ile simu na kumwomba baba radhi. Hata huruma ilianza kumwingia kidogo, maana damu ni damu.

Mangesh alikuwa ameinamia simu.

"Tai," alisema, na macho yake yaling'aa kama ya mtoto aliyepewa peremende. "Tai, njoo uone! Wamefika elfu arobaini! Wanaitana! Mambo ya uzi yamewapendeza!"

Kofi lililomshukia lilisikika ng'ambo ya mto.

Chupa ya mafuta ya nywele ilianguka, ikapasuka kwenye ngazi, na harufu tamu ya maua ikatapakaa juu ya matonge ya marehemu. Mangesh alishika shavu. Hakumtazama dada yake. Alikitazama kioo.

"Rudia kofi, nilikuwa nachota maji!"

"Huyu dada nampenda sasa. Bado nataka kumwoa."

"Lingine! Lingine!"

Mioyo ya kuchorwa ikapanda kwenye kioo, myekundu, mamia kwa mamia.  Revati alielewa kwamba akimpiga, wanafurahi. Akilia, wanafurahi. Akiitupa simu mtoni, watafurahi kuliko vyote, na kesho Mangesh ana simu nyingine. Hakuna alichoweza kuwatupia watu hawa ambacho hawatakila.

Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Aliing'oa simu kwenye stendi, akaigeuza, akauweka uso wake mbele yake.

"Niacheni nyinyi wengine," alisema. "Kusum-bai wa Kolhapur. Upo?"

Maneno yaliendelea kumiminika. Wahandisi. Watu wa chai. Kisha, katikati yao: "Nipo, binti."

"Jitokeze nikuone."

"Tai, usimruhusu!" Mangesh alishtuka kweli safari hii, rangi ikamtoka. "Huyo mama ana kichaa, kila siku anatusumbua!"

Alimrukia dada yake. Guruji, ambaye kwa umri wake usingemdhania, alimdaka kwa ukosi, akambana ukutani. "Wewe leo utatulia," akamwambia.

Kusum Mane alitokea kwenye kioo papo hapo, bila mkwaruzo, kana kwamba kafungua dirisha. Alikuwa mama wa makamo, mtoto wa jicho amemwanza upande mmoja, nyuma yake chapati ikiungua kwenye chuma bila yeye kujali. Kutoka Kolhapur mpaka ngazi zile ni safari ya siku nzima kwa basi, na Revati aliliona mpaka chozi lililokuwa limesimama pembeni mwa pua yake.

"Nisamehe, binti," alisema. "Nilikuandikia kwa ukali. Hasira ilikuwa ya kwangu mwenyewe."

"Kwa nini ya kwako?"

"Nilikuwa nachambua dengu. Naifungua simu, namwona mzee kitandani anahema. Nilipaswa kuifunga, si ndiyo? Mtu wa watu anakufa, mimi nani? Sikuifunga. Nikawa nachambua dengu, natazama. Nimetazama mpaka mwisho, binti. Na wenzangu wanaandika, wanabashiri atafika jioni au hatafika. Tangu siku hiyo dengu siwezi kuzila."

"Alisema neno?"

"Alisema."

Revati aliishika simu kwa mikono miwili. Watu wote ngazini walisogea. Hata yule bwana mnene aliinuka na tundu lake.

"Niambie, Kusum-bai. Kama alivyosema yeye."

"Kulikuwa na taa. Ile nyeupe, ya duara, ya kuwafanya watu waonekane vizuri. Ilikuwa imesogezwa usoni kwake, maskini, mpaka macho yanamtoka machozi. Alikuwa anautazama mlango, lakini taa inamziba. Akasema, 'Izimeni hiyo taa, nione kama Revati amefika.'"

Kusum-bai alijifuta pua kwa upindo wa sari.

"Akasema tena. 'Izimeni, nione kama Revati amefika.' Hakuwa na neno jingine. Hilo tu mpaka alipokwisha."

Kilichomtoka Revati hakikuwa kilio. Ilikuwa sauti kama ya mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Baba anautazama mlango. Yeye yuko Pune, anaambiwa mtandao unasumbua. Na kati yao ni taa. Taa ya kumfanya mtu anayekufa aonekane vizuri!

"Mshenzi wewe!" alimgeukia Mangesh. "Baba anakuomba uzime taa, unashindwa hata kunyoosha kidole?"

"Si mimi!" Mangesh alilia pale ukutani, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa analia kweli. "Taa si mimi, Tai! Mimi nilishika simu!"

"Muongo!"

"Hasemi uongo," Kusum-bai alisema kwenye simu, taratibu. "Hilo hasemi uongo, binti. Picha ilikuwa imetulia kabisa, yeye aliishika kwa mikono yote miwili. Baba yako alikuwa hamwombi yeye. Alikuwa anamwomba aliyeshika taa. Na mimi niliuona ule mkono. Baba yako alipoomba, mkono ulitetemeka, nikasema haya, sasa inazimwa. Halafu ukaisogeza taa karibu zaidi."

"Mkono wa nani?"

"Uso sikuuona."

"Mkono wa nani, Kusum-bai!"

"Mkono wa mwanamke. Una bangili za kijani."

Mangesh hana mke. Nyumbani kwa Gholap hakukuwa na mwanamke aliyevaa bangili za kijani za mwenye mume, ila mmoja tu, na bangili zake zilivunjwa siku aliyoanza ujane.

Revati aligeuka polepole. Majirani waliokuwa kati yake na ngazi ya juu wakapisha, bila kuambiwa.

"Aai?"

Subhadra-bai hakuinua kichwa.

"Aai, sema si wewe."

"Nilikuwa mimi," Aai alisema.

"Mume wako anakuomba uzime taa afe kwa amani..."

"Walikuwa wengi sana siku ile, Revati. Hawajawahi kuwa wengi vile." Alisema kama mtu anayeeleza bei ya vitunguu, bila kuficha chochote. "Wananiita Aai. Asubuhi nikiamka wananiuliza nimelalaje. Wananiuliza nimekula nini, magoti yanauma au hayaumi. Siku nikiwa na homa, kuna mmoja huko Muscat alikesha akiniuliza. Wewe ulikuwa unapiga Jumapili. Jumapili, ukiwa huna shughuli. Waliandika, hatumwoni vizuri mzee, Aai, sogeza taa. Waliniomba. Nikasogeza."

 Kinyaa alichokuwa nacho Revati tangu asubuhi, kinyaa cha kumtema Mangesh na mafuta yake, kilikuwa sasa kinazunguka ndani yake bila mahali pa kutokea. Mama yake huyu. Na Jumapili zile, kweli, zilikuwa zake.

Guruji alimwachia Mangesh, akapanda ngazi mpaka mbele ya mjane. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Subhadra-bai, neno limejulikana. Kwa hiyo ahadi si ya watoto. Ni yako. Mwambie mumeo kwamba taa umeizima, na kwamba nyumbani kwake haitawashwa tena. Hivyo tu. Atakusikia."

Aai alisimama. Watu walimsaidia kushuka mpaka karibu na jiwe la matonge. Juu ya mkwaju kelele zilikuwa zimepungua, na kunguru mmoja mkubwa, asiye na uzi wala mwenyewe, alikuwa ameteremka tawi kwa tawi, ametua kwenye ngazi, kichwa upande, anatazama.

"Sema, Aai," Revati alimsihi, machozi yakimtiririka sasa bila kizuizi. "Nakuomba. Mwambie baba. Mengine yote nitakusamehe."

Subhadra-bai alikusanya viganja. Alivuta pumzi. Midomo ikafunguka.

Kisha akaishika ncha ya sari, akaivuta mbele, akaiweka vizuri, akajifuta chini ya macho kwa kidole kimoja, upande huu na upande huu. Akayageuza macho yake kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye simu iliyokuwa mikononi mwa binti yake.

"Mangesh," aliuliza kwa sauti ndogo, "bado tuko laivu?"